Uvira: seva ikinyamaza haimaanishi kipindupindu kimekwisha

Wasomaji wa Uvira, Fizi na bonde la Ruzizi mnanizoea kwa habari za barabara, bei ya ndagala na mito inayofurika. Leo ninaandika juu ya kompyuta. Msiikimbie habari hii, ndani yake mna kipindupindu.

Kuna kituo kimoja cha afya hapa mjini, sitakitaja jina, ambacho hakihesabu tena wagonjwa wa kuhara kwenye daftari peke yake. Muuguzi akimpokea mgonjwa anaandika kwenye kompyuta jina, umri, mtaa, avenyu na siku alipoanza kuugua. Yote yanahifadhiwa kwenye seva ndogo iliyo chini ya meza, na betri yake kando. Kijana fundi, mtoto wa jirani yangu, aliombwa afanye jambo moja tu: kila asubuhi seva yenyewe itume barua pepe kwa watu wanne wanaopeleka klorini na kuzungukia nyumba. Nilikaa naye siku tatu.

Kipindupindu kiko kando ya Tanganyika tangu miaka ya 1970, na kwetu hakijahama. Bomba likikauka, mama anachukua bidoni anarudi ziwani au mtoni. Aliyekunywa maji yenye kijidudu hicho anaweza kuanza kuhara baada ya saa chache, au ikafika hata siku 5. Kwa hiyo siku za kwanza ndizo za kuwahi nyumba za jirani. Habari ikichelewa wiki, klorini inakuta msiba.

Watu wengi hudhani hifadhidata inajua kutuma barua. MySQL, wanayotumia pale, haijui. SQL Server ya Microsoft ina sehemu ya kazi hiyo, ila leseni yake ni pesa. Fundi aliandika programu fupi: inauliza hifadhidata wagonjwa wa jana walikuwa wangapi, mtaa kwa mtaa, kisha inamkabidhi Postfix barua. Postfix ndiye tarishi. Nilimwuliza kwa nini barua isitoke palepale muuguzi anapomwandika mgonjwa. Akajibu: “Papa, mtandao ukiwa mbaya, muuguzi angengoja kompyuta huku mgonjwa anamaliza maji mwilini. Kuandika ni kazi moja, kutuma ni nyingine.” Jibu hilo lilinipendeza.

Barua ya kwanza haikutoka kabisa. Mitandao mingi hufunga porti 25, mlango wa zamani wa barua, kwa sababu ya matapeli. Hata ungekuwa wazi, anwani za intaneti za modemu za simu mara nyingi zimo kwenye orodha za wasioaminiwa, na laini ya Burundi ambayo wengi wetu tunaitumia huku Kavimvira haibadilishi kitu. Ilibidi kufungua akaunti kwa mtoa huduma wa barua, kupitia porti 587, kwa jina na neno la siri. Barua ya pili ikatoka, ikaangukia kwenye barua taka. Tangu Februari 2024 Google inamdai kila anayetuma kwenye Gmail awe na SPF au DKIM: ya kwanza inatangaza seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, ya pili ni kama sahihi na muhuri. Fundi aliweka zote mbili. Wale wanne wote wanatumia Gmail.

Halafu saa. Seva ilikuwa imepangwa kwa saa ya Kinshasa, na sisi wa mashariki tunafuata ya Lubumbashi. Barua ya saa moja asubuhi ikawa inafika saa mbili, timu imeshatoka. Ni kosa la dakika moja kulirekebisha, ila lazima mtu alione kwanza.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya majina. Mkubwa wa kituo alitaka barua ibebe jina la kila mgonjwa, ili timu isipotee. Mama muuguzi alikataa katakata: “Mtu wa Rombe akisikika ana kipindupindu, ndagala zake nani atanunua?” Nilikuwa upande wake, na Kodi ya dijitali ya nchi yetu, ya Machi 2023, inalinda data za watu. Barua inabeba hesabu na avenyu tu. Nyumba yenyewe timu inaiuliza kwa simu.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi lilitokea siku ya tatu. Fundi alikuwa amepanga barua itoke tu kama kuna mgonjwa. Kwa kuangalia ni busara, nani anataka barua tupu? Asubuhi hiyo haikufika barua, na mmoja wa wale wanne akafurahi: Mulongwe safi, Kalundu safi. Kumbe umeme ulikatika usiku, betri ikaisha, na kwenye seva mlikuwa na wagonjwa wawili wa mtaa mmoja. Walikutwa kwa bahati, kwa sababu muuguzi alipiga simu kuuliza klorini.

Mtandao ukikatika peke yake pia kuna mtego. Postfix, usipoibadilisha, hushika barua isiyotoka hadi siku 5 bila kukuonya, ndipo inairudisha kwa aliyetuma. Siku 5, sawasawa na zile za ugonjwa.

Wauguzi wa zamani wanalijua hili kuliko mafundi. Katika ripoti za magonjwa ya mlipuko, kituo kisicho na mgonjwa kinaandika sifuri na kuituma, hakikai kimya. Sasa seva inafanya vilevile: kila siku barua inatoka, hata kama mitaa yote ni sifuri. Na ukutani kwa wale wanne kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono: saa mbili ikipita bila barua, piga simu kituoni, na simu isiposhika, panda pikipiki uende.