Kisu Kilichorithiwa Mfukoni

Kwenye nyanda za juu za Aubrac, kusini mwa Ufaransa, kulikuwa na zama ambapo meza ya chakula haikuwekwa visu. Mwenye nyumba alileta mkate, jibini na soseji. Kila mwanamume alitia mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kukunja, akakata, akala, akafuta makali kwa kipande cha mkate na kukirudisha kilikotoka.

Kisu hicho kinaitwa Laguiole, jina la kijiji kilichoko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mhunzi Pierre-Jean Calmels ndiye anayetajwa kuwa alianza kukifua huko mwaka 1829: chembamba, mpini wake wa pembe ya ng'ombe. Wafugaji wakaongezewa sindano nene ya chuma. Ilitoboa mikanda ya ngozi, na ng'ombe aliyevimba tumbo kwa kula majani mabichi alitobolewa nayo ubavuni ili gesi itoke. Mwaka 1880 kikaja kizibuo cha chupa za mvinyo, na hapo mkono wa Paris unaonekana, maana watu wa Aveyron, mkoa kilipo kijiji hicho, walikuwa wakihamia huko kubeba maji na kuuza makaa, na wengi wakaishia kufungua vilabu vya mvinyo. Ukishika kisu cha zamani cha aina hiyo, unashika maisha ya mwenyewe: ng'ombe upande mmoja, jiji upande wa pili.

Mpini nao una pini ndogo zilizopangwa kwa umbo la msalaba. Husimuliwa kwamba mchungaji wa mifugo aliyekuwa mbali na kanisa alikichomeka kisu kwenye mkate, akapiga magoti na kusali mbele yake.

Mvulana alipewa kisu alipofikia umri wa kuaminiwa. Baba akifariki, chake kilibaki kwa mwanawe, nacho hakikufungiwa kabatini. Kiliendelea kukata mkate. Bapa lilipungua upana kwa kunolewa miaka na miaka, na pembe ikang'aa kwa kushikwa. Uzuri wa kisu cha namna hii uko hapohapo, katika kulika kwake. Na aliyezawadiwa kisu alimpa mtoaji sarafu moja, ili urafiki wao usije ukakatika. Desturi hiyo ingali hai Ufaransa.

Mabadiliko yalianza na vita. Vita Kuu ya Kwanza ilichukua vijana, wahunzi wa kijijini wakapungua, kazi ikahamia Thiers, mji ulioko kaskazini mwa Laguiole, uliokuwa umeishi kwa kufua visu karne kadhaa kabla ya Calmels kuzaliwa. Thiers haistahili lawama: mafundi wake ni hodari, na bila wao huenda kisu hiki kingesahaulika. Lakini Laguiole ikabaki na jina tu.

Ufuaji ulirudi kwa nguvu mwaka 1987, kilipofunguliwa kiwanda cha Forge de Laguiole. Jengo lake, lililobuniwa na Philippe Starck, lina bapa la kisu lenye urefu wa mita 18 linalochomoza paani. Watalii wakaja, bei ikapanda. Kisha mwaka 1993 mfanyabiashara mmoja asiye wa kijijini akalisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara, likaanza kubandikwa kwenye bidhaa chungu nzima, nyingine zikiwa zimetengenezwa Asia. Mwaka 2012 wanakijiji waling'oa kibao cha barabarani chenye jina la kijiji chao kwa hasira. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Paris iliwapa ushindi katika kesi ya jina hilo.

Sheria nayo imebadilika. Leo Mfaransa akikutwa njiani na kisu mfukoni bila sababu ya msingi anaweza kuadhibiwa, na kwenye ndege kwa kawaida hakiruhusiwi katika chumba cha abiria. Kwa hiyo visu vingi vya urithi vimelala kwenye droo, na vipya huuzwa ndani ya visanduku vya kupendeza ambavyo havifunguliwi.

Kama nyumbani kwenu kipo kisu cha babu, kitoeni. Kipitisheni kwenye jiwe la kunolea, tieni tone la mafuta kwenye bawaba, kisha kikate mkate mezani. Na anayekwenda kununua kipya chenye jina la Laguiole aulize kwanza kilifuliwa wapi na nani, maana jina peke yake halitoshi.