Kitambulisho cha mtoto wa ughaibuni huanzia kwenye kadi ya kliniki

Mtoto anapokaribia kutimiza miaka 18, wazazi wengi wanaoishi nje ya nchi hufikiria mambo mawili: ada ya chuo na kibali cha kuishi. La tatu husahaulika mpaka pasipoti inapokaribia kuisha muda wake. Hapo ndipo mtoto huulizwa namba ya NIDA, na nyumba nzima hugundua kwamba hana.

Kwa Mtanzania aliye mtu mzima, namba hiyo sasa inagusa karibu kila kitu. Huhitajika kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki, kupata namba ya mlipakodi na kuomba pasipoti. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenyewe. Ili aipate, mwombaji hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole na saini. Kuandikishwa mara ya kwanza hakulipiwi.

Kwa kijana aliyekulia Muheza au Mbagala, shughuli hiyo ni ya siku chache tu. Mwenyekiti wa mtaa anamjua, vyeti vya shule anavyo. Aliyekulia mbali hana mashahidi hao.

Familia moja yenye asili ya Tanga inayoishi Uingereza ilikutana na hali hiyo mwaka 2025. Mama, mjane, ni mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Aliondoka nchini mwaka 2012 akamwacha binti yake wa miaka mitano kwa bibi. Miaka miwili baadaye mtoto akamfuata.

Mama mwenyewe alipata namba yake mwaka 2019 akiwa likizo nyumbani, wakati watu walipokuwa wakipanga foleni ili waweze kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Binti alikuwa na miaka 12, akabaki akicheza uani kwa bibi. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja naye atadaiwa namba hiyo.

Alipotimiza miaka 18, pasipoti yake ilikuwa imebakiza miezi saba, na kibali chake cha kuishi kimeunganishwa na pasipoti hiyohiyo. Fomu ya NIDA waliijaza kwa mtandao wakiwa sebuleni, wakaichapisha. Ugumu ulianza kwenye sehemu inayotakiwa kugongwa muhuri na serikali ya mtaa. Mama akaomba likizo ya wiki tatu, akakopa nauli ya watu wawili, wakapanda ndege.

Mtaani walikuta mwenyekiti mpya. Mjumbe aliyemjua binti tangu anatambaa alikuwa ameshafariki. Mwenyekiti akamuuliza binti maswali ya kawaida: jina la babu mzaa baba, alisoma chekechea wapi, jirani wa upande wa kulia anaitwa nani. Binti alijibu kwa Kiswahili cha kusitasita, kila sentensi ikimalizikia kwa kumtazama mama yake. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka kidogo.

Njiani kurudi aliuliza, "Kwani mimi si Mtanzania, mama?"

"Wewe ni wa hapa, mwanangu," mama alimjibu. "Karatasi zako tu ndizo hazijalisema vizuri."

Na kweli, karatasi zilikuwa na kasoro. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti, jina la mama liliandikwa Zainabu. Kwenye kitambulisho cha mama mwenyewe ni Zainab. Masikioni ni jina moja, lakini kwa anayelinganisha nyaraka hao ni watu wawili. Ofisini wakaambiwa walete kiapo na ushahidi zaidi.

Aliyeokoa siku ni bibi. Aliinama kwenye sanduku lake akatoa bahasha iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya mwaka 2007: tarehe ya kuzaliwa, uzito kila mwezi, chanjo zote na muhuri wa zahanati. Jina la mama lilikuwa humo, Zainabu, kama muuguzi alivyolisikia. Cheti kilifuata maandishi hayohayo, na kosa la herufi moja likasafiri miaka 18 bila mtu kulisahihisha.

Kadi ile, pamoja na hati ya kiapo iliyoandaliwa kwa wakili, ilimaliza ubishi. Bibi akaenda naye kwa mwenyekiti, akakaa kwenye benchi lilelile na kusema, "Huyu nimemwogesha mimi siku arobaini." Muhuri ukagongwa.

Kilibaki kikwazo kimoja. Binti hufanya kazi mwishoni mwa wiki kwenye nyumba ileile ya wazee anayofanyia mama, akinawa mikono na kupaka dawa ya kuua vijidudu mara nyingi kwa siku. Ngozi ya vidole ilikuwa kavu na yenye mipasuko, mashine ikagoma kusoma vidole viwili. Akaambiwa arudi. Hali hiyo huwapata pia wakulima, mafundi ujenzi na wazee ambao mistari ya vidole imesagika. Inasaidia kupaka losheni kila siku kwa wiki nzima kabla ya kwenda, kisha kunawa na kukausha mikono siku yenyewe. Mara ya pili mashine ilisoma.

Namba ilitoka wakiwa wamesharejea Uingereza, na ombi la pasipoti likapelekwa ubalozini zikiwa zimebaki wiki chache. Deni la nauli bado mama analilipa.

Mzazi uliye mbali, hayo yote yanaweza kupunguzwa mapema. Leo jioni weka mezani cheti cha mtoto, pasipoti yake na kitambulisho chako, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Kosa likionekana mtoto akiwa na miaka minane, una miaka kumi ya kulirekebisha. Kadi ya kliniki usiitupe baada ya chanjo ya mwisho. Mkiwa likizo, mpeleke mtoto kwa mwenyekiti na majirani ajulikane, na Kiswahili kizungumzwe nyumbani. Kama ana uraia wa nchi nyingine pia, kumbuka Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Zungumzeni kabla hajafika 18.

Na kwa mliopo nyumbani wenye watoto chini ya miaka mitano: mikoa iliyo kwenye mpango wa usajili wa RITA hutoa cheti cha kuzaliwa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Muuguzi anapoandika jina lako, lisome kabla hujaondoka dirishani. Likiwa limekosewa, mwambie hapohapo.