Ulimi wa Mgeni

Mwezi wa Julai mwaka 1996 nilipelekwa Bara Hindi kusomea utunzaji wa majalada. Nilikuwa karani wa masjala, kijana wa miaka 25, mwenye elimu ya sekondari na sifa kidogo ya utunzi wa mashairi. Serikali ya India ilikuwa ikiwapokea wanafunzi wa nchi changa katika mpango wake wa ushirikiano wa kiufundi ulioanza mwaka 1964, nami nikawa mmoja wao. Nilipangiwa mji wa Pune, katika jimbo la Maharashtra, ambako gari la moshi kutoka Mumbai hufika baada ya kuikwea milima hadi kwenye uwanda wa juu wa Deccan.

Nilikuta mvua. Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda Bara Hindi, ndio uletao mvua huko tangu Juni hadi Septemba. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mjane mmoja. Siku yetu ilianza kabla ya mapambazuko, kwani maji ya bomba yalitoka kwa muda mfupi tu alfajiri, na asiyejaza ndoo zake alioga maneno. Kisha ilifuata chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na tangawizi, kisha baiskeli, maana Pune ulisifika kwa baiskeli zake, kisha darasa hadi saa kumi za jioni. Katika nyumba ile nyama haikuingia, wala samaki. Nilikula chapati kavu, dengu, mboga na achari, na mwezi wa kwanza mzima nilimwota nguru wa Lindi.

Kilichoniliwaza ni maneno. Kila nilikopita nilikutana na jamaa wa Kiswahili. Bima ilikuwa bima, laki ilikuwa laki, na aliyepiga pasi nguo zetu kando ya njia alikuwa dobi kama madobi wote. Embe, Wamarathi waliita amba. Niliporudishiwa chenji nikasikia ikitajwa paisa, nilikumbuka kwamba hata rupia ya Wajerumani katika nchi yetu iligawanywa katika pesa 64 hadi mwaka 1904. Nikajiona nimefika kwa ndugu, na kiburi cha mtunzi kikanipanda. Nikasema, lugha hii nitaijua kabla ya mwaka kwisha.

Walakini undugu wa maneno una mitego. Siku ya pili nilimwita mwenye nyumba “mama”, kwa heshima ya kwetu. Wajukuu zake wakaangua kicheko. Kumbe kwa Kimarathi mama ni mjomba! Dada ni kaka mkubwa, na kaka ni ndugu wa baba. Baba peke yake ndiye aliyebaki baba. Bibi yule hakucheka. Aliniuliza kwa upole kwetu mama ni nani, nami nilipomweleza, akasema basi nimwite Aai, kama wanawe wamwitavyo mama yao.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kimarathi hutofautisha kitenzi cha mwanamume na cha mwanamke. Mwanamume akienda husema “mi jato”, mwanamke husema “mi jate”. Mimi lugha nilijifunza jikoni kwa Aai, basi kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikipita mitaani na masharubu yangu, nikijisema kama mwanamke. Watoto wa mtaa wakanitungia wimbo wa mistari miwili. Kila nilipopanda baiskeli waliuimba, wakinifuata hadi kwenye kona. Nikaacha kusema. Nilinunua vitu kwa kuonyesha kidole, na jioni nilijifungia chumbani.

Huko chumbani, usiku mmoja wa mvua, nilimkumbuka mwenye duka wa mtaani kwetu Lindi. Alikuwa Mhindi wa makamo aliyetumia ngeli moja kwa vitu vyote vya duniani, viti, miti, maji na watu. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 nilitunga shairi la beti nne la kumdhihaki, vina vikiwa sawa na mizani timamu. Watoto wenzangu wakalikariri, wakawa wakiliimba mbele ya duka lake kila jioni. Hilo ndilo shairi langu la kwanza. Ndilo lililonipa jina la mtunzi. Nalo duka lile ndilo lililokuwa likimkopesha mama yangu unga na mafuta ya taa mpaka mwisho wa mwezi.

Aai aliona nimenyamaza. Hakuwakemea watoto, wala mimi hakunipa pole. Alinishika mkono akanipeleka kwa dobi, akamwambia, “Mfundishe huyu kusema kiume.” Tangu hapo kila jioni nilisimama kando ya pasi ya makaa, tukizungumza habari za mvua na bei ya vitu. Nilipokosea, dobi aliyarudia maneno yangu yalivyopasa kusemwa, kisha akaendelea na mazungumzo kana kwamba hapakutokea kitu. Kufikia msimu wa maembe, wimbo wa watoto ulikuwa umekosa maana, nao wakauacha.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Mei mwaka 1997. Nilikwenda Lindi nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga tangu Pune. Duka lilikuwa limefungwa, jamaa ile imehama, na hapakuwa na aliyejua ilikokwenda. Nikamsimulia mama habari yote. Akaniambia, “Alijua kuwa ni wewe. Siku moja nilipokwenda kulipa deni aliniuliza, ‘Ile mtoto yako ya mashairi bado nasoma?’ Nikamwambia anasoma. Akasema vizuri, akanifungia sukari.”

Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na Kiswahili kimekuwa lugha ya Taifa kwa kusemwa na watu ambao wengi wao walikianza kwa makosa. Katika kila darasa yuko mwanafunzi ambaye lugha ya kwao humvuta ulimi, na wako wenzake wanaosubiri akosee. Mwalimu anaweza kumsahihisha kama dobi yule alivyonisahihisha, na mazungumzo yakaendelea. Akichekwa atanyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha.

Tangu wakati huo nimetunga mashairi mengi, na baadhi yamepigwa chapa. Lile la kwanza bado nalijua lote kwa moyo. Sikuliandika popote, wala sitaliandika.