Kadi Moja, Watu Wanne: Kasheshe Yetu ya Dubai

Kama wewe ni mtu wa daladala kama mimi, unaijua raha ya kumwambia konda "toa wawili" au "wale wa nyuma ni wangu." Unatoa noti moja, konda anahesabu vichwa, anakurudishia chenji, safari inaendelea. Nauli kwetu ni heshima, bwana. Ukimlipia mtu umemfanyia jambo. Ukimkaushia, hata kama ni shilingi mia chache, atakukumbusha mpaka siku ya harusi yako.

Basi kwa akili hiyohiyo ya daladala ndiyo tulikwenda Dubai mwaka 2023, na ndiyo iliyotutia kwenye kasheshe ninayotaka kukusimulia leo.

Tulikuwa wanne. Mama mdogo, mwenye duka la nguo za watoto Kariakoo. Shoga yake wa siku nyingi, muuza mitandio na vipochi, ambaye mimi namwita Anti. Kijana wa Anti, mshkaji wa rika langu. Na mimi. Mama mdogo na Anti wamesafiri pamoja miaka na miaka, mzigo wao wanauchanganya kwenye kago moja, gharama nusu kwa nusu. Sisi vijana kazi yetu ilikuwa moja tu, kubeba.

Tulifikia Deira, upande wa Naif. Kwa ambaye hajafika, Deira ni kama Kariakoo yetu: maduka yamebanana, mikokoteni inapita, watu wanapatana bei kwa vidole na kikokotoo, na ukitega sikio hukosi kusikia mtu anaongea Kiswahili. Lakini Kariakoo hiyo chini yake inapita treni, tena treni isiyo na dereva! Laini nyekundu ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, ile ya kijani ikafuata tarehe 9 Septemba 2011. Ndani kuna kiyoyozi ile mbaya, kuna behewa la akina mama na watoto, na kuna behewa la daraja la juu ambalo nauli yake ni mara mbili. Kula humo ndani ni marufuku, faini dirham 100.

Ili upande lazima uwe na kadi janja, wenyewe wanaiita nol. Ya kawaida ni ile ya rangi ya fedha. Bei yake ilikuwa dirham 25, karibu dola 7 za Marekani, na ndani yake unakuta dirham 19 za kusafiria. Nauli inakwenda kwa kanda. Ukisafiri ndani ya kanda moja dirham 3, ukivuka kwenda kanda ya jirani 5, ukienda mbali zaidi 7.50. Unagusisha kadi mlangoni unapoingia, unagusisha tena unapotoka, mashine inapiga hesabu yenyewe.

Mama mdogo alisoma bei, akanitazama, akasema, "Tununue moja. Inatosha. Tutapokezana."

Asubuhi ya kwanza pale kituo cha Baniyas Square, mama mdogo akagusisha, mlango ukafunguka, akapita kwa maringo. Akageuka, akanyoosha mkono juu ya mlango, akanirudishia kadi. Nikagusisha. Taa nyekundu! Nikajaribu tena. Nyekundu! Nyuma yangu foleni ya watu wanaowahi kazini ikaanza kuguna. Akaja mlinzi mmoja, mpole tu, akatueleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba kila mtu na kadi yake.

"Mwambie hela imo humo," mama mdogo akanipigia kelele kutoka ng'ambo. "Akate wanne, tatizo nini?"

Mlinzi akatabasamu. Inaelekea hakuwa akina mama wa kwanza kuwaona.

Tatizo nini? Nililielewa baadaye. Konda wa daladala anahesabu hela. Ile mashine inahesabu mtu. Kwa kuwa nauli inategemea umepandia wapi na umeshukia wapi, kadi lazima ikumbuke mahali ulipoingilia. Sasa kama kadi imeshaingia ndani, itaingiaje tena kabla haijatoka? Kwa mashine, mama mdogo na kadi yake ni kitu kimoja, na huwezi kuwa ndani na nje kwa wakati mmoja. London nako ni hivyohivyo na kadi yao ya Oyster, iliyoanza mwaka 2003. Lakini New York, ambako nauli ya treni ni ileile hata ukienda mwisho wa reli, ile kadi yao ya MetroCard ya kulipia safari mojamoja iliruhusu hadi watu wanne kupita kwa kadi moja, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo si kwamba watu wa Dubai wana roho mbaya. Hesabu yao ndiyo ilivyo.

Nikamweleza mama mdogo. Akakubali nusu. Tukanunua kadi ya pili, basi. Kadi mbili, watu wanne! Hoja yake ilikuwa hii: kadi ya fedha haina jina wala picha, kwa hiyo ruksa kuazimana, mradi msiitumie wawili kwa safari moja. Asubuhi wanakwenda akina mama, sisi tunabaki kufunga mizigo. Jioni wakirudi wao, tunakwenda sisi. Kisheria hapo hakuna kosa, na kwa siku mbili mambo yalikwenda poa.

Kumbe kadi ya wote ina ugonjwa wake. Haina mwenyewe. Kila mtu anadhani mwenzake ameijaza.

Siku ya tatu jioni, mimi na mshkaji tukaenda kuiona Burj Khalifa. Nani afike Dubai asipige picha pale? Jengo la mita 828, lilifunguliwa Januari 2010, ukilitazama shingo inauma. Kutoka kituoni mpaka kwenye maduka kuna daraja la kutembelea kwa miguu, limefunikwa, lina kiyoyozi, urefu wake kama mita 820, kwa hiyo ni kama vile unalitembea lile jengo likiwa limelala. Tukaangalia chemchemi zinavyocheza na muziki, bure kabisa. Tukapiga picha mpaka simu zikazima. Raha tupu.

Kurudi sasa. Saa tatu usiku, mshkaji anagusisha, taa nyekundu. Salio halitoshi. Asubuhi Anti alikuwa ameitumia kadi ileile akazunguka nayo sana, hakuijaza, na mshkaji naye hakuuliza. Mfukoni hana hata dirham moja. Mimi nilikuwa na dirham 300, lakini hazikuwa zangu. Mama mdogo alinipa nipitie duka moja asubuhi yake nikalipe malipo ya awali ya magauni ya watoto. Niliapa kutozigusa.

"Tubanane," mshkaji akaninong'oneza. "Wewe gusisha, mimi nakufuata mgongoni. Ni dirham 5 tu, bwana, nani atajua?"

Msomaji wangu, sitakudanganya. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kuchukua ishirini kwenye ile hela, nikajaza kadi, nikamweleza mama mdogo, akafoka dakika mbili yakaisha. Lakini nilimwogopa mama mdogo kuliko nilivyoogopa kosa. Nikagusisha. Tukapita kama mtu mmoja mnene.

Tulibadilisha treni Union. Kituo kimoja tu kimebaki. Mlango wa treni unafungwa, nageuka, namwona mkaguzi na kimashine chake mkononi anapita kiti kwa kiti. Yangu ikapita. Ya mshkaji ikaonyesha kwamba hakuingia popote! Mtu yumo ndani ya treni na mashine inasema hayumo. Mkaguzi hakupayuka wala hakutukana. Aliuliza mara moja, akasikiliza kigugumizi chetu, akaandika. Dirham 200.

Nikafungua pochi, nikahesabu noti mbili za mia za mama mdogo. Risiti nikaikunja nikaitia mfukoni, mkono unatetemeka kama wa mwizi wa kuku.

Hotelini ndipo filamu ilipoanza. Mama mdogo akasema faini ni ya kijana wa Anti, kwa hiyo Anti alipe zote. Anti akasema aliyegusisha ni nani, na aliyeng'ang'ania kadi mbili kama kadi ni dhahabu ni nani? Mama mdogo akajibu kwamba aliyemaliza salio bila kusema anajijua. Yakatoka ya mwaka huu na ya miaka iliyopita. Yakatoka ya kago, ya uzito wa mizigo, ya kabati fulani lililovunjika. Watu walioaminiana mamilioni ya shilingi bila kuandikiana karatasi wakalala wamepeana migongo. Asubuhi Anti akatamka kwamba mzigo wake safari hii atausafirisha peke yake.

Hapo nilikaa chini nikapiga hesabu. Kadi moja ni 25, lakini 19 ni hela yako mwenyewe ya kusafiria. Kadi yenyewe inakugharimu 6 tu. Kwa kutonunua kadi mbili tulikuwa tumeokoa dirham 12. Kumi na mbili! Kwa dirham 12 tumelipa 200, na urafiki wa miaka yote unaning'inia kwenye uzi.

Nikamwendea mama mdogo, nikamwambia ukweli wote, kwamba mimi ndiye niliyetangulia mlangoni kwa hiari yangu. Nikamwambia akate kwenye ujira wangu. Alininyamazia muda mrefu. Halafu akatoka, akarudi na kadi mbili mpya, moja akaiweka juu ya kitanda cha Anti bila neno. Anti akaitazama, naye kimya.

Mchana ilibidi tuvuke kwenda Bur Dubai kutafuta vitambaa. Pale kwenye mlango wa bahari wanaouita Creek kuna mashua za mbao, abra, mnakaa mgongo kwa mgongo kama kwenye benchi la mzee wa kahawa. Nauli dirham 1 kwa kichwa, taslimu, unampa nahodha mkononi. Hakuna kadi, hakuna taa nyekundu. Nahodha akaja kukusanya. Mama mdogo bado anapekua mkoba, Anti akanyoosha mkono na sarafu, akaonyesha vidole.

"Wanne," akasema.

Mama mdogo akafunga mkoba. Upepo ukapiga. Baada ya kimya kidogo nikamsikia akimuuliza Anti kama ile dazeni ya mitandio ya bluu bado anaitaka, maana duka analijua. Kago ikaondoka moja, kama kawaida. Mimi nilikatwa mia, mshkaji mia, na tulistahili.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kule na shangazi, na mjomba, na rafiki wa rafiki: kila mtu kadi yake, isipokuwa mtoto wa chini ya miaka mitano, huyo anapita bure. Ukiazima, uliza salio kabla hujafika mlangoni. Na sisi huku Dar, ambao mwendokasi ulipoanza Mei 2016 tulizoea kununua tiketi za karatasi kwa mkupuo, mmoja anapanga foleni kwa niaba ya ukoo mzima, tuanze kujifunza mapema, maana kadi nazo zimeingia.

Ila ukimwona shoga yako hana salio, mjazie. Hilo mashine haijakataza.