Nyota Iitwayo Mpingo

Kazi hii niliipata kwa kujisifu. Katika kipindi cha kwanza cha somo la tafsiri, mhadhiri alituuliza kila mmoja alitamani kusoma nini kabla ya kuja kwenye Kiswahili. Nikasema fizikia. Ilikuwa kweli, alama zangu hazikutosha kupata udhamini wa serikali, Kiswahili kikanipokea. "Vizuri," akasema, "basi utuletee ukurasa mmoja wa mambo ya anga, na wenzako waelewe."

Nilichagua sayari kubwa za gesi zinazozunguka karibu mno na nyota zao. Ya kwanza kugunduliwa kwenye nyota inayofanana na Jua letu ni 51 Pegasi b. Waliigundua Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995. Hawakuiona, waliona nyota yake ikiyumba kidogo, mbele na nyuma, kila baada ya siku 4 na ushee. Wengi walishangaa. Mshtarii ya kwetu huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua, na hata Utaridi, iliyo karibu kuliko zote, huchukua siku 88. Jitu la gesi lilikwenda kufanya nini huko karibu? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sayari za namna hii huzaliwa mbali, kisha huhama.

Niliziita "Mshtarii za moto". Nilijiona nimemaliza. Siku ya kusoma darasani mwenzangu mmoja kutoka Mbale akanyosha mkono: "Kama inawaka moto, si ni nyota hiyo?" Darasa likacheka, nami nikakasirika, lakini alikuwa na haki. Sisi husema maji ya moto na chai ya moto bila kufikiria ndimi za moto, ila ukisema sayari ya moto kila mtu anaona miali. Hakuna kinachoungua kule. Ni haidrojeni na heliamu zilizopashwa na nyota, kama sufuria iliyotelekwa juu ya sigiri. Sufuria haiwaki, lakini usiiguse. Nikaandika upya: "Mshtarii zenye joto kali". Ni refu na halina ladha, ila halidanganyi.

Nikitafuta mfano mwingine nikakutana na WASP-71b. Hiyo hulizunguka jua lake kwa muda usiofika siku 3, uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, na joto lake hupita nyuzi 1,500. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliyapa mataifa nafasi ya kuzipa majina nyota na sayari zake. Kenya ilichukua maneno ya Kijaluo: Kalausi, upepo wa kimbunga, na Buru, vumbi. Tanzania ilipewa WASP-71. Sayari ikaitwa Tanzanite, kwa jina la kito kinachochimbwa Mererani. Nyota yenyewe ikaitwa Mpingo.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Wikiendi hiyo nikaenda nyumbani kumwonyesha baba.

Lazima nieleze jambo moja. Baba yangu ni seremala, na Kiswahili hakipendi. Alikuwa kijana miaka ya themanini, na kwake Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani usiku, anayedai kitambulisho huku ameshika bunduki. Waganda wengi wa rika lake watakuambia hivyo hivyo. Nilipomwambia nitasomea lugha hiyo hakugomba. Aliendelea kupiga randa tu. Tangu hapo hajawahi kuniuliza lolote kuhusu masomo, naye ndiye anayelipa ada.

Nikamsomea ukurasa wangu, nikiufasiri kwa Kiganda sentensi baada ya sentensi. Joto halikumshtua. Siku 3 zilimfanya atikise kichwa. Nilipofika kwenye jina la nyota akanizuia kwa mkono.

"Mpingo? Mti?"

"Ndiyo, Taata. Mti."

Akaingia karakana. Kazi zake nyingi ni za mvule, mpingo hana. Lakini alirudi na kipande cheusi, kidogo kama kidole gumba, alichopewa zamani na mfanyabiashara wa vinyago kutoka Tanzania. Akaniambia nyembe zake mbili ziliharibika akijaribu kukichonga. Kisha akavuta ndoo ya maji na kukidumbukiza. Kilikwenda moja kwa moja hadi chini.

"Sasa soma tena," akasema, mkono wake ukiwa bado ndani ya maji. "Usinifasirie. Kile Kiswahili chao nakielewa."