VCD ya Harusi Yangu na DVD ya Kaka



Mwezi uliopita niliwaambia watoto wa darasa langu walete kitu cha zamani kutoka nyumbani, wakieleze kwa Kiswahili. Mmoja akaleta mbuzi ya kukunia nazi, mwingine redio ya babu yake. Binti yangu, bila kuniuliza, akaleta VCD ya harusi yangu. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana ndani ya sidii ile yumo mama yangu, na mama alifariki kabla watoto wangu hawajazaliwa.

Niliolewa Tanga mwaka 2004. Wakati ule VCD ndiyo ilikuwa mambo yote mtaani kwetu: picha za Kihindi, za Kinigeria, taarabu, mawaidha. Mpiga video alitupa sidii mbili, kwa sababu VCD moja hubeba kama dakika 74 tu. Ya kwanza inakatika bwana harusi akiwa mguu mmoja nje ya gari. Lazima mtu ainuke abadilishe sidii ndipo mguu wa pili utoke.

Katika sidii ya kwanza kuna mahali mama amesimama nyuma yangu chumbani, ananivisha shela. Binti yangu aliposimamisha picha pale, uso wa mama ulikuwa miraba miraba kama sakafu ya vigae, na mdomo ni mstari mmoja uliokazwa. Akauliza mbele ya wenzake, "Mama, mbona bibi amenuna?"

Sikumjibu. Swali hilo nimejiuliza mwenyewe miaka ishirini. Mume wangu alikuwa tayari anaishi huku Uingereza, na mama hakupenda niende mbali. Wiki moja kabla ya harusi tulikuwa tumesemezana. Hatukuwahi kulizungumza tena. Kila nilipoitazama ile VCD niliona mama aliyenikasirikia siku ya harusi yangu.

Sasa niwaeleze watoto kwa nini picha ile iko vile, kwani niliposoma habari zake nilielewa mengi. VCD ilipangiwa utaratibu wake mwaka 1993. Ni sidii ileile ya muziki kwa ukubwa, na nafasi yake ni ndogo. Ili filamu iingie, picha hubanwa sana. Kwa televisheni za kwetu, picha ya VCD ina vinukta 352 kwa upana na 288 kwa urefu. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ina vinukta 720 kwa 576. Zidisheni wenyewe: ya kwanza ni vinukta 101,376, ya pili ni 414,720. Ni zaidi ya mara nne, na sahani zote mbili zina upana wa sentimita 12.

Na ile miraba? Mashine inapobana picha huigawa katika vipande vidogo vya mraba. Watu wakikaa kimya, vipande havionekani. Wakianza kucheza ngoma, au shela ikipepea, mambo yanayobadilika ni mengi kuliko nafasi iliyopo, na mashine hukata pembeni: kipande kizima hupakwa takriban rangi moja. DVD ina nafasi kubwa zaidi kwa kila sekunde, ndiyo maana haivunjiki upesi hivyo.

Nami nilikosea hapo. Miaka kadhaa nyuma niliipeleka VCD dukani igeuzwe kuwa DVD, nikiamini picha itasafika. Nililipa, nikarudi mbio nyumbani, nikakuta miraba ileile, tena kwenye televisheni kubwa imekuwa mikubwa zaidi. Ni kama chai uliyokwisha kuizidishia maji. Ukiihamishia kwenye birika kubwa haiwi kali. Kilichotupwa siku ya kubana hakirudi.

Usiku ule baada ya darasa nilimpigia kaka yangu aliyeko Muscat, nikamsimulia swali la binti yangu. Akasema, "Mimi ninayo ya DVD. Mpiga video alinipa moja kwa sababu ndiye mimi niliyemlipa." Miaka yote hiyo sikujua! Ndugu yetu mmoja alikuwa anakuja huku, akaitia kwenye begi lake. Niliogopa isije ikakataa, kwa kuwa DVD nyingi za dukani huwa na namba za maeneo: Tanzania ni 5, Oman na Uingereza ni 2. Lakini sahani zilizorekodiwa na mpiga video wa mtaani kwa kawaida hazina kizuizi hicho. Ikacheza.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, watoto wamekwenda shule. Nikaenda moja kwa moja pale chumbani. Kamera ni ileile, sekunde ni zilezile, hata sauti sikusikia tofauti. Lakini uso wa mama ulikuwa uso. Na midomoni mwake alikuwa amebana pini tatu, zile za kushikizia shela. Akachomoa moja, akaichomeka nyuma ya kichwa changu, akachomoa ya pili.

Mtu mwenye pini midomoni hacheki wala hasemi. Nilikaa pale na sare yangu ya kazini hadi chai ikapoa.

Sisemi kwamba alifurahi kuniacha niende. Picha haikuniambia hivyo. Nasema tu kwamba palipokuwa na pini mimi nilisoma hasira, nikaibeba miaka ishirini.

Jumamosi iliyofuata tulizitazama zote mbili darasani, watoto wakataja tofauti kwa Kiswahili: ukungu, imechuja, imekwaruzika, inang'aa. Kisha wakagundua jambo ambalo mimi sikuliona. Kwenye VCD kanga ya mama ni rangi tu zilizochanganyika. Kwenye DVD maandishi yanasomeka nusu, mengine yamejificha kwenye mkunjo: "...KUISHI NA WATU KAZI". Mwanafunzi mmoja akakimbilia, "Mama nipe radhi!" Alikuwa ameiona kwa nyanya yake Mombasa.

Wazazi, nina maneno machache. Sahani zilizorekodiwa nyumbani huharibika, hasa zikiachwa juani au kwenye joto. Zishikeni kwa ukingo, zifuteni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, msizungushe. Zinakilini kwenye kompyuta mapema ili zisipotee, ila msilipe fedha kwa ahadi kwamba VCD itakuwa safi kama DVD. Kabla ya hayo pigeni simu: kwa shangazi, kwa kaka, kwa mjomba aliyelipia video. Huenda mtu ana nakala bora kabatini na hajui kama mnaihitaji.

Jumamosi ijayo nitakuja na deki. Leteni zenu.

Mwalimu wenu wa darasa la kati