Shabaha ya Macho Hafifu

Wahenga walituachia msemo kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tunaousomesha msemo huo madarasani twauheshimu, lakini tumeona kwamba uko mahali pamoja ambapo wahitaji kuongezewa maelezo, napo ni kwenye meza ya puli. Hapo mwenye macho huambiwa tazama kila mara. Huambiwa atazame nini, atazame lini, na lini aache kutazama. Na mwenye macho hafifu, akiyashika hayo barabara, aweza kumshinda mwenye macho ya mwewe.

Sisi ni walimu wa Kiswahili katika mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Malaba ambako malori yatokayo Mombasa hupita usiku na mchana. Kwa ajili ya malori hayo, meza ya puli katika mji wetu imekuwa darasa la lugha lisilo na mwalimu mkuu: dereva kutoka Kenya, mwendesha bodaboda wa hapa mjini na mchuuzi wa kutoka Soroti, wote hukutana katika Kiswahili. Umri wetu umepita miaka 50. Hucheza jioni, kazi zikiisha, na kanuni ni kwamba aliyeshindwa ndiye atiaye sarafu ya mchezo ufuatao. Kwa muda wa miaka kadhaa sarafu hizo zilitoka mifukoni mwetu, hata mmoja wetu akatamka kwamba sasa ni heri kukaa kibarazani na kutazama wengine. Kwa mtu wa makamo, kuiacha meza si jambo dogo. Hapo ndipo apatapo habari za mji, na hapo ndipo vijana humwita mzee bila ya kumkimbia.

Yafaa tueleze udhaifu wenyewe, maana wengi huuonea haya pasipo sababu. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo ujanani ni laini, nayo hubadili umbo lake upesi ili tuone cha karibu na cha mbali. Kuanzia miaka 40 hivi ugumu wake huanza kudhihirika, hata mtu akalazimika kulisogeza gazeti mbali ndipo alisome. Si uvivu wala laana; ni desturi ya mwili, kama mvi. Basi mchezaji wa puli ana vitu vitatu vya kuangalia: ncha ya fimbo iliyo karibu, mpira unaolengwa ulio katikati, na shimo lililo mwisho wa meza. Hakuna jicho la binadamu liwezalo kuviona vyote vitatu kwa wakati mmoja vikiwa wazi sawasawa. Jicho la kijana huruka kutoka kimoja hadi kingine kwa wepesi hata mwenyewe asijue. Jicho letu husafiri kama lori lililopakia saruji. Na mchezo wenyewe hauna huruma: kosa la nyuzi 1 tu, katika mwendo wa mita 1, huupeleka mpira kando kwa sentimita 1.7, ilhali mpira wote una upana wa sentimita 5 hivi.

Miwani nayo huleta taabu yake. Miwani yetu ya sehemu mbili imetengenezwa kwa mtu aketiye wima: chini asome daftari, juu aone mlango. Lakini mchezaji huinama hata kidevu kikakaribia fimbo, na katika hali hiyo jicho huchungulia kwenye ukingo wa juu wa fremu, au hupita juu yake kabisa. Mtu amevaa miwani, na bado anatazama kwa macho matupu.

Taabu hiyo si ya Tororo peke yake. Katika mchezo wa snuka, ambao ni ndugu wa puli, Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini alitengenezewa miwani mirefu iliyopanda juu ya nyusi, kana kwamba imevaliwa juu chini, ili akiinama aangalie katikati ya kioo. Watu walimcheka. Mwaka 1985, mjini Sheffield nchini Uingereza, akiwa na miwani hiyo alimshinda Steve Davis kwa michezo 18 kwa 17 na kuwa bingwa wa dunia, baada ya kutanguliwa 8 kwa 0, na ushindi ukapatikana kwa mpira mweusi wa mwisho, usiku wa manane, watazamaji milioni 18.5 wakiwa mbele ya televisheni. Kabla yake alikuwako Joe Davis, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya mwaka 1927 na 1946. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, naye aliiweka fimbo chini ya jicho la kushoto na kulengea hilo.

Habari hizo zilitutia moyo, lakini aliyetufundisha hasa si bingwa wa ng'ambo. Ni kijana mpakiaji wa mizigo, mwenye miaka ishirini na kitu, ambaye jina lake tunalihifadhi. Jioni moja, alipotuona tukikodoa macho kuelekea mwisho wa meza, alisema kwa upole, "Wazee, shimo halihami. Mnalitazama la nini?"

Neno hilo ndilo msingi wa yote. Shimo halihami, kwa hiyo lajulikana bila kuonwa. Kijana huyo, kabla ya kupiga, huzunguka meza, huchuchumaa nyuma ya mpira anaoutaka, pua yake nusura iguse kitambaa, naye huchagua nukta moja mgongoni mwa mpira, ile iliyo mkabala na shimo. Kisha hurudi na kuipanga miguu yake akiwa bado amesimama. Akishainama, habadili neno. Jicho lake la mwisho huwa juu ya mpira unaolengwa, si juu ya ncha ya fimbo, wala si juu ya shimo. Kazi ya kuona ameimaliza akiwa karibu; kilichobaki ni kukumbuka.

Alitufundisha pia alama mbili. Ya kwanza ni kulijua jicho liongozalo. Mtu hunyosha mikono, huunganisha viganja na kuacha upenyo mdogo, kisha huutazama Mwamba wa Tororo kupitia upenyo huo. Hufumba jicho moja, halafu la pili. Lile linalobaki likiuona Mwamba ndilo liongozalo, na fimbo yafaa ipite chini yake. Ya pili ni nusu ya mpira. Ukielekeza kitovu cha mpira mweupe kwenye ukingo wa mpira unaolengwa, huo wa pili utakwenda upande kwa nyuzi 30 hivi. Ukingo huonekana hata na jicho lililochoka, na kutoka alama hiyo mtu hukadiria zaidi au pungufu. Baada ya miezi mitatu sarafu zilianza kutoka mifuko mingine.

Tulimwuliza kijana elimu hiyo aliipata wapi. Alicheka tu. Lakini siku nyingine tulimwomba atusomee tangazo la mashindano lililobandikwa ukutani, hatua tatu kutoka tuliposimama, naye akaenda hata uso wake ukakaribia kugusa karatasi. Hapo ndipo tulipofahamu. Yeye haoni mbali, na hakuona tangu utoto. Alisoma katika wilaya nyingine. Kwa kuwa alikuwa mrefu aliketishwa nyuma, akawa ananakili kutoka kwa jirani yake. Jirani alipohamishwa, daftari likabaki tupu, naye akaitwa mvivu. Aliiacha shule akiwa darasa la tano. "Niliona ubao mweusi tu, Mwalimu," alituambia. "Chaki niliisikia, sikuiona." Wala hakumlalamikia mtu, kwa sababu alidhani kila mtoto huona kama aonavyo yeye.

Sarafu tulizokuwa tumezirudisha kwake kwa kushindwa zilikuwa nyingi; safari hii tulichanga za miwani. Alipoivaa, alisimama barabarani akautazama Mwamba kwa muda mrefu, akatuuliza kama ile miti iliyo ubavuni mwake ilikuwapo siku zote. Mchezo wake haukuongezeka. Akitaka kupiga huivua miwani na kuitia mfukoni, kwa kuwa shabaha yake aliijenga katika ukungu. Lakini sasa husoma vibao vya malori, na jioni nyingine hutuletea gazeti la Kiswahili atuulize maneno. Darasa la tano, hata hivyo, halirudi.

Ndugu walimu, mtu asiyeona aweza kuficha upungufu wake kwa akili hata watu wakamsifu, kama kijana huyo mezani, na aweza kuadhibiwa kwa upungufu uleule mahali pasipo na hila ya kuufichia, kama alivyoadhibiwa darasani. Ubao haukaribiwi kama mpira, wala maandishi yake hayakai mahali pamoja kama shimo. Kwa hiyo yatupasa kila mwanzo wa muhula tuandike mstari mmoja ubaoni, tumwite kila mtoto wa nyuma ausome kutoka pale pale aketipo, si kutoka mbele. Anayekodoa macho, anayeinamisha kichwa upande, anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni, tumsogeze mbele siku hiyo hiyo na kuwaita wazazi wake. Jambo hilo halihitaji fedha wala idhini ya wizara. Mwenye macho huenda asiambiwe tazama. Lakini mtoto asiyeona hajui kwamba haoni, mpaka atokee mtu wa kumwuliza.